Pini Haitoki kwa Kungojwa

Waswahili wameisifu subira kwa methali nyingi kiasi cha kumfanya mtu adhani kwamba kungoja ni kazi kamili. Subira huvuta heri. Mvumilivu hula mbivu. Haraka haraka haina baraka. Methali hizi hutolewa misibani na katika foleni za ofisi, kwenye mabenchi ya zahanati na mbele ya vijana wanaotafuta ajira. Lakini ni nadra kuulizwa: anayesubiri hufanya nini wakati anasubiri? Mkulima ana jibu lake, kwa kuwa mvua na jua humfanyia kazi hata akiwa amelala. Fundi wa magari aliyeinamia pistoni ambayo pini yake imekataa kutoka hana msaidizi wa namna hiyo. Kwake muda ni adui: kutu hukaza, mafuta yaliyoungua hugeuka utando mgumu kama gundi, na kesho pini itakuwa imeshika kuliko leo. Hata hivyo fundi huyohuyo akifanya haraka, akanyanyua nyundo, ataharibu kitu kisichoweza kurudishwa. Kati ya kungoja na kupiga pana jambo la tatu, ambalo methali hazikulipa jina.

Pini ya pistoni ni kipande kifupi cha feleji, kimetobolewa katikati kama bomba, kizito kuliko kinavyoonekana na laini kama kioo kwa nje. Kazi yake ni kuunganisha pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya silinda, na konrodi, inayoyumba huku na huku ikiizungusha krenki. Katika injini ya dizeli, ambamo hewa hubanwa mpaka kiasi chake kupungua zaidi ya mara 20 kabla ya mafuta kuwaka, nguvu yote ya mwako hupita katika kipande hicho. Gari linapotembea hakuna anayeiona pini wala anayeisikia, isipokuwa imelika. Hapo hugonga kwa sauti kali, ya mara mbili mbili, na dereva huanza kuongeza sauti ya redio.

Habari za pini kaidi zilipata mahali pake Desemba moja katika gereji ya nyumbani huko Wetherill Park, kitongoji cha magharibi ya Sydney kilicho zaidi ya kilomita 30 kutoka bandarini na kutoka kwenye jumba la opera linalopamba kadi za posta. Wetherill Park ina sura mbili. Upande mmoja, kuelekea bwawa la Prospect lililokamilika mwaka 1888, yametanda maghala na viwanda, na malori huingia na kutoka usiku na mchana. Upande wa pili zimepangika nyumba za matofali zisizo na ghorofa, nyingi zikiwa na gereji yake, na katika gereji nyingi hakuna gari bali maisha ya watu: majokofu ya zamani, mashine za kushonea, vitanda vya wageni wanaotarajiwa. Kitongoji kimo katika eneo la Fairfield, ambako Kivietinamu, Kiarabu na Kiashuri husikika madukani kama vile Kiingereza. Kiswahili nacho kimo, kwa sauti ya chini zaidi, katika nyumba za watu waliotoka Kongo ya mashariki na Burundi kwa njia ya kambi za Tanzania.

Mwenye gereji hiyo ni mtu wa Uvira, mji ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Alijifunza ufundi huko akiwa kijana, kwa kushika taa, kuosha vipuri kwa dizeli na kutumwa chai, mpaka siku moja aliyemfundisha alipompa spana bila kusema neno. Vita vilipofika Uvira, Oktoba 1996, alivuka ziwa, akaishia katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Alikaa huko karibu miaka 20. Sasa hufanya kazi ya kupanga mizigo katika ghala moja la Wetherill Park, kwa sababu sheria ya New South Wales ya mwaka 2013 inamtaka mtu anayelipwa kutengeneza magari awe na cheti cha ufundi, naye hana karatasi yoyote inayosema anachokijua. Gari lake mwenyewe anaruhusiwa kulitengeneza. Sheria haimzuii mtu kujihudumia.

Gari lenyewe lilikuwa Hilux ya dizeli, iliyonunuliwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa injini yake ilikuwa imekufa. Halikuwa la kujifurahisha. Mpwa wake, aliyezaliwa Nyarugusu na kusoma sekondari huko Fairfield, alikuwa amepata nafasi ya uanagenzi katika gereji iliyo mbali na njia za mabasi, na kazi ilikuwa ianze mwishoni mwa Januari, saa 12 asubuhi. Bila gari, nafasi hiyo ingekwenda kwa mwingine. Kijana angepata, baada ya miaka minne ya kazi na masomo ya chuo cha TAFE, cheti kilekile ambacho mjomba wake hakuwahi kukipata. Kwa hiyo injini ile ilibeba kitu kizito kuliko mizigo ya Hilux.

Ilikuwa injini ya 3L, dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Mtu aliyepanda vipanya vya Dar es Salaam katika miaka ya 1990 na 2000 ameisikia hata kama hakuijua jina, kwa kuwa aina hiyo ya injini iliendesha Hiace nyingi zilizobeba abiria Afrika Mashariki. Kipenyo cha silinda ni milimita 96, na safari ya pistoni ni milimita 96 pia, ulinganifu ambao mjomba alipenda kuutaja kama mtu anayesimulia tabia nzuri ya jirani. Injini hii ilikuwa imechemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua, maji yakaingia silinda ya nne, kisha gari likaegeshwa uani kwa miaka. Pistoni tatu zilitoka kwa kubembelezwa kwa kipande cha mti. Ya nne ililowekwa kwa mafuta siku sita, ikatoka siku ya saba ikiwa na ukanda wa kutu ubavuni. Wote wawili wakadhani ugumu umekwisha.

Kabla ya pini kuwashinda, maneno ndiyo yaliyowashinda. Mjomba alijifunza injini katika mji ambako ufundi ulizungumzwa kwa Kifaransa kilichovishwa viambishi vya Kiswahili. Pini kwake ilikuwa *axe*, konrodi ilikuwa *bielle*, ringi zilikuwa *segments*. Alipovuka ziwa alikuta Waswahili wenzake wakisema pini, konrodi na ringi, maneno yaliyokuja kwa meli nyingine. Chuma kilikuwa kilekile na ziwa lilikuwa lilelile, lakini katikati ya maji ulipita mpaka wa majina ambao hakuna ramani inayouonyesha. Kijana naye alikuwa ameanza kujifunza majina ya Australia, ambako wahandisi walirithi msamiati wa Uingereza, huku video alizotazama simuni zikitumia msamiati wa Marekani.

Siku ya kwanza ya kutenganisha pistoni na konrodi, mjomba alisema, "Mwanangu, nishikie kwenye mguu wa konrodi." Kijana akashika ncha ya chini, ile kubwa inayokumbatia krenki, akaikaza kwenye jiliwa. Mjomba akamtazama kana kwamba ameshika jembe kwa mpini wa shoka.

"Hiyo ni kichwa."

"Mjomba, kichwa kiko chini?"

"Ndiyo. Kichwa kiko chini, mguu uko juu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Na ndivyo Kifaransa kisemavyo. Ncha kubwa ya konrodi, iliyoko chini, huitwa kichwa. Ncha ndogo, iliyoko juu na inayopokea pini, huitwa mguu. Kiingereza hakitaji kichwa wala mguu, husema tu ncha kubwa na ncha ndogo. Wamarekani wameongeza kiungo kingine: pini hiyo huiita pini ya kifundo cha mkono. Hivyo mahali pamoja, penye upana wa vidole viwili, ni mguu kwa mmoja na mkono kwa mwingine. Kijana alipomweleza mjomba jina la Kimarekani, mjomba aliigeuza pistoni mikononi, akaiyumbisha konrodi mbele na nyuma, kisha akasema: "Basi ni kifundo. Mkono una kifundo, mguu una kifundo. Sote tumesema kweli." Tangu siku hiyo ncha ya juu ikaitwa kifundo katika gereji ile, na hakuna aliyekosea tena mahali pa kushika.

Wanaisimu wanaofuatilia istilahi hutazama kwanza vyombo rasmi, na ni haki yao: Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na limefanya kazi kubwa ya kusanifu maneno. Lakini msamiati wa karakana una tabaka za kale kuliko baraza lolote. Karakana yenyewe ni neno lenye asili ya Kiajemi. Parafujo ni la Wareno. Msumari ni la Waarabu, spana ni la Waingereza, na nyundo na chuma ni za Wabantu wenyewe. Kila aliyefika pwani na chombo aliacha jina lake, na fundi hakumuuliza mtu hati ya kuzaliwa ya neno ili mradi mkono ulijua pa kwenda. Neno la karakana hupimwa kwa kipimo kimoja tu: likitamkwa, je, msaidizi hushika kitu kinachotakiwa?

Baada ya majina kukaa sawa ikaja kazi. Pini hazifungwi kwa namna moja, na fundi asiyelijua hili anaweza kupiga mchana kutwa bila faida. Ziko pini zinazoelea, yaani huzunguka huru wakati injini inafanya kazi, zikizuiwa kuchomoka na klipu mbili zilizokaa katika mifuo kwenye ncha za tundu la pistoni. Ziko zilizobanwa ndani ya konrodi kwa presi, bila klipu yoyote. Hizo si za gereji ya nyumbani, kwa kuwa huhitaji presi na kitako kilichochongwa kuipokea pistoni, na wakati wa kuzirudisha konrodi ndiyo hupashwa moto. Na ziko za kale, kama za baadhi ya Morris Minor, ambazo konrodi huzikaza kwa boliti yake yenyewe. Pini za 3L ni za kuelea. Hilo lilikuwa jambo la heri: kilichoumbwa kuelea, kikikwama, kimekwama kwa sababu inayoweza kutafutwa.

Mjomba alianza kwa kuandika. Kila pistoni, kila pini na kila konrodi ilitiwa namba ya silinda yake kwa wino mzito na kupangwa katika trei ya mikate, kwani vitu vilivyosuguana kwa miaka hufahamiana, na kuvichanganya ni kuanza ugomvi mpya. Alimwonyesha kijana alama iliyo juu ya pistoni, inayotakiwa kutazama mbele ya injini. Katika pistoni nyingi, alieleza, tundu la pini halikai katikati kamili bali husogezwa kidogo upande mmoja ili pistoni isipige ukuta wa silinda inapogeuza mwendo. Ukiirudisha kinyume, injini itawaka, lakini itakusema. Kisha akatoa klipu kwa koleo lenye ncha nyembamba, akiziba kwa kiganja ili zisiruke, na akazitupa moja kwa moja kwenye debe la taka. Klipu iliyowahi kutolewa hairudishwi. Ikichomoka ndani ya silinda itachimba mfereji ambao hakuna mafuta yatakayouziba.

Pini tatu za kwanza zilitoka kwa maji ya moto. Sababu ni hesabu ndogo ambayo kijana aliiandika ukutani kwa chaki. Alumini ya pistoni hupanuka kwa takriban sehemu 20 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Feleji ya pini hupanuka kwa sehemu 12 hivi. Pini ya milimita 30 ikipashwa pamoja na pistoni yake kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80, tundu huongezeka milimita 0.036 na pini milimita 0.022. Tofauti ni milimita 0.014, nafasi nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Lakini unywele huo ndio mlango. Vitabu vya kiwanda vya dizeli za aina hii huagiza pistoni ipashwe hadi nyuzi 80 hivi, na kwamba wakati wa kuirudisha pini iweze kusukumwa kwa kidole gumba. Sufuria kuukuu, jiko la gesi la nje, maji yanayoanza kutoa vipovu vidogo bila kuchemka; baada ya dakika chache pini ya kwanza ilisukumwa na kipande cha mti, ikateleza kama kokwa ya tende.

Mjomba hakuwahi kuikaribia alumini na moto wa gesi ya kuchomelea, ingawa mtungi ulikuwapo. Chuma, alisema, ni mtu mwaminifu: kikizidiwa na joto huwa chekundu, kikakuonya. Alumini haionyi. Hubaki na rangi ileile mpaka dakika inapoporomoka.

Pini ya nne ilikaa ndani ya maji ya moto mara mbili bila kusogea. Kijana, aliyekuwa akihesabu siku za Januari, alinyanyua nyundo.

"Weka chini kwanza. Niambie: nini kinaishika?"

"Kutu, mjomba."

"Umeiona?"

Hakuwa ameiona. Na hapo ndipo palipokuwa na somo zima. Nyundo ni jibu linalotolewa kabla ya swali. Pistoni ikiwa imelala mezani na konrodi ikining'inia, pigo haliifikii pini peke yake: hupita katika ukuta mwembamba wa alumini na kuupasua, au hufika kwenye konrodi na kuipinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Konrodi iliyopinda hailalamiki siku hiyo. Hulalamika miezi baadaye, pistoni inapolika upande mmoja na moshi wa buluu kuanza kutoka, wakati mwenye nyundo keshasahau. Waendesha bodaboda wanalijua hili kwa uchungu, maana injini ya pikipiki mara nyingi hufunguliwa konrodi ikiwa bado imo ndani, na pini ikipigwa bila mkono wa pili kuikinga pistoni, pigo lote huishia chini kwenye krenki.

Mjomba alivaa miwani, akaipeleka pistoni mlangoni penye mwanga, akapitisha ukucha ndani ya tundu, kati ya mfuo wa klipu na ncha ya pini. Ukucha ulikwama mara mbili. Mara ya kwanza ulikwama kwenye ukingo wa mfuo: klipu ilikuwa imeukandamiza kwa miaka, alumini ikavimba kidogo kuelekea ndani, ikawa kama kizingiti. Mara ya pili ulikwama kwenye utando mweusi wa mafuta yaliyopikwa na joto siku injini ilipochemka. Kwa hiyo hata pini ingekuwa huru kabisa katikati, isingeweza kupita mlangoni. Joto lilikuwa limefungua chumba na kuacha kizingiti. Akakwangua ukingo kwa kisu kikali, unyoya kwa unyoya, akisimama kila mara kupima kwa ukucha; utando akauondoa kwa kijiti kilicholowekwa mafuta mepesi. Kazi ile ilichukua saa tatu. Atazamaye kwa mbali angesema mzee ana subira. Hakuwa na subira. Alikuwa na kizingiti anachokijua, na alikuwa akikiondoa.

Bado pini ilishika, safari hii ndani ya bushi ya konrodi, na bushi haifikiwi na ukucha. Ikahitajika nguvu, lakini nguvu isiyo pigo: nguvu ya kuvuta, inayoongezwa kwa robo ya mzunguko. Kivutaji hutengenezwa kwa vitu vya kawaida. Boliti ndefu hupitishwa katika uwazi wa pini. Upande mmoja huwekwa washa yenye kipenyo kidogo kuliko pini kwa kiasi kidogo sana, ili iweze kuifuata ndani ya tundu. Upande wa pili huwekwa bomba fupi pana kuliko pini, likiegemea pistoni juu ya kipande cha mpira, kisha washa kubwa na nati. Nati ikikazwa, pini huvutwa kuingia ndani ya bomba, na nguvu yote hubaki kati ya bomba na boliti. Konrodi haiguswi.

Washa ya kipimo hicho haikupatikana dukani. Mjomba akaenda kwa mkerezaji mmoja katika eneo la viwanda, Mwashuri kutoka Iraki, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kifupi kama cha mgeni wake. Walizungumza kwa mikono. Katika mazungumzo hayo mjomba, akitafuta neno la kitu chembamba kinachopita tunduni, alisema msumari, na mwenzake akainua kichwa: kwa Kiarabu ni *mismar*. Walirudia neno hilo mara kadhaa, kila mmoja akilirudisha kwa mwenzake kama mpira. Kisha mkerezaji akawasha kerezo, akapunguza washa hadi kipimo, akakataa malipo.

Ni rahisi kuusifu utaratibu wa mjomba kama hekima ya mafundi wa Afrika, na kuishia hapo. Lakini ulikuwa pia na uchumi wake. Huko Uvira spea zilitoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, au mbali zaidi, Dar es Salaam. Mpaka ukifungwa, gari lilikaa. Pistoni ilikuwa ghali na siku ya fundi ilikuwa rahisi, hivyo saa tatu za kukwangua ukingo zilikuwa faida. Katika Sydney mizani imegeuka: saa ya fundi ni ghali, pistoni mpya huletwa mlangoni kwa siku chache. Gereji ambayo kijana angeanzia kazi haingemlipa mtu kutumia mchana mzima kwa pini moja. Ingeagiza seti mpya na kutupa ya zamani, na kwa hesabu zake ingekuwa sawa. Kijana alilisema hilo, kwa adabu lakini waziwazi. Mjomba hakubisha. Alijibu kwamba seti mpya haitamwambia kwa nini ile ya zamani ilishika. Na ikiwa konrodi imeshapindwa na nyundo, pistoni mpya itakufa kwa ugonjwa uleule, ikiwa bado inang'aa.

Jibu hilo halifuti hesabu ya kijana, nalo halikukusudiwa kuifuta. Linatenganisha tu mambo mawili ambayo lugha imezoea kuyaita kwa jina moja. Pale Nyarugusu watu waliambiwa wawe na subira kila wiki: na waliokuja kuhesabu vichwa, na waliogawa unga, na waliobandika orodha za majina kwenye mbao. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae kambini na asitoke bila kibali. Subira ya namna hiyo ilikuwa ni kukaa, na kukaa hakukumfundisha mtu kitu. Lakini ndani ya miaka hiyohiyo mjomba alizitengeneza injini za mashine za kusagia mahindi, dizeli za silinda moja zilizochoka, na kila pini aliyoitoa ilimwachia jambo alilolijua. Alipoulizwa na mpwa wake jinsi alivyoivumilia miaka 20, hakutaja subira. Alisema, "Nilikuwa na kazi."

Hapa ndipo methali zinapohitaji kusomwa upya. Subira huvuta heri, yasema, na neno linalosahaulika ni *huvuta*. Kuvuta ni kitendo. Anayevuta ameshika kitu, ameegemea mahali, na anajua kamba yake imefungwa wapi. Pengine waliotunga methali hiyo walimjua mvuvi anayevuta jarife, si mtu aliyekaa barazani, na sisi tuliokuja nyuma tukabaki na jina la fadhila tukaacha kitenzi chake.

Pini ya nne ilitoka jioni moja, pistoni ikiwa ya moto ndani ya matambara, nati ikikazwa robo kwa robo. Haikutoka kwa mlio. Ilitoka kwa kulegea: mkono wa kijana, uliokuwa ukisukuma spana kwa uzito wote, ulijikuta hauna cha kusukuma. Ndani ya kifundo cha konrodi bushi ya shaba nyeusi ilikuwa imekwaruzika na kubadilika rangi, dalili kwamba mafuta hayakuifikia siku ile ya kuchemka. Sababu ya mwisho ikaonekana kwa macho. Pini yenyewe ilipopimwa kwa maikromita ilikuwa bado ndani ya vipimo vyake. Mkerezaji yuleyule aliikagua konrodi, akaikuta imenyooka, akatia bushi mpya na kuichonga ipokee pini.

Wiki ya pili ya Januari, joto la Wetherill Park likiwa limepita nyuzi 35 hata kivulini, sufuria kuukuu ilirudi jikoni pa nje. Kijana aliitoa pistoni ya nne majini kwa koleo, akaifuta, akaelekeza alama mbele, akaipaka pini mafuta. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, hakusogea kusaidia. Kijana aliweka kidole gumba kwenye ncha ya pini, akasukuma. Iliingia yote, bila sauti, mpaka kwenye mfuo wa klipu.